Bakteria hana pua, sasa anafikaje kwenye sukari?

Kidudu hana macho wala pua, anajuaje chakula kiko upande gani?
Hajui bwana, hapo ndo utamu ulipo. E. coli, bakteria wa utumboni, ana urefu wa maikromita 2 hivi, mfupi mno kulinganisha ladha ya mbele na ya nyuma ya mwili wake, kwahiyo anachofanya anaogelea kama sekunde moja huku anaonja maji, sukari ikizidi anaendelea kunyoosha, ikipungua anajipindua kidogo, sehemu ya kumi ya sekunde tu, anaibuka ameelekea popote pale na anaanza upya. Yaani anabahatisha, ila njia nzuri anaing'ang'ania kuliko mbaya.

Kulinganisha si lazima ukumbuke? Na ubongo hana!
Anakumbuka, sekunde 3 au 4 zilizopita, basi. Vipokezi vyake, yaani protini anazoonjea maji, vinabandikwa na kubanduliwa vipande vidogo vya kemikali iitwayo methili, kazi hiyo inaenda polepole kwahiyo inabaki nyuma ya hali halisi ya maji, na huko kubaki nyuma ndo kumbukumbu yenyewe. Mwaka 1972 wanasayansi Macnab na Koshland waliwategea mtego bakteria wa Salmonella, ndugu zake E. coli, wakawaongezea chakula ghafla, kimesambaa sawasawa kila upande, hakuna pa kukimbilia, lakini jamaa wakanyoosha tu kana kwamba wamepatia njia. Mi jaribio hili huwa linanichekesha kila nikilikumbuka.

Anajipinduaje?
Mikia yake inaendeshwa na mota, mizunguko kama 100 kwa sekunde. Zote zikizunguka kinyume cha saa mikia inajisokota pamoja inamsukuma, mota zikigeuza, msokoto unafumuka na yeye anajipindua.

Si ashike usukani anyooshe tu?
Molekuli za maji zinamgonga kila upande, sekunde 10 hivi zikipita hata bila kujipindua ashapotea uelekeo. Na kuserereka hakuna, mwanafizikia Purcell alipiga hesabu mwaka 1977, mikia ikisimama na yeye anasimama hapohapo, hasogei hata upana wa atomu moja.

Mbegu za kiume nazo zinabahatisha hivyo?
Hapana. Za urchini, yule wa baharini mwenye miiba, zinaogelea kwa kuzunguka, zikionja kemikali ya yai kalsiamu inapanda na kushuka ndani ya mkia, mkia unabadili mkunjo, duara linageuka kama springi inayosogea kuelekea kwenye yai.