Kabla ya Kuing'arisha Baiskeli ya Zamani

Watu wengi wanaoniuliza namna ya kutambua vipuri halisi vya baiskeli ya zamani huwa wameshaipiga msasa na kuiosha kwa petroli. Hapo kazi inakuwa ngumu, kwa sababu sehemu kubwa ya ushahidi hukaa kwenye grisi iliyogandamana, rangi iliyofifia na kutu. Ushauri wangu wa kwanza ni kuipiga picha baiskeli nzima kama ilivyo, kisha kufungua kipuri kimoja kimoja huku ukiandika kila namba na alama unayoikuta.

Namba ya fremu ni mwanzo mzuri, ila haitoshi peke yake. Si viwanda vyote vilivyoacha kumbukumbu kamili, na hata mahali pa kuigonga namba palibadilika. Schwinn wa Marekani, kwa mfano, waliihamisha mwaka 1970 kutoka karibu na ekseli ya nyuma hadi kwenye bomba la mbele linalobeba usukani. Ndiyo maana mimi huamini zaidi vipuri vilivyogongwa tarehe yake vyenyewe, hasa habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu ambamo ekseli hupita. Habu za gia tatu za kampuni ya Uingereza ya Sturmey-Archer aina ya AW, zilizofungwa kwenye baiskeli nyingi za Uingereza, huwa na mwaka na mwezi kwenye ganda: ukisoma 62 na kando yake 5, habu hiyo ni ya Mei 1962. Shimano, watengenezaji wa vipuri wa Japani, nao walitumia herufi mbili, ya kwanza ikiwa mwaka kuanzia A ya 1976 na ya pili ikiwa mwezi, kwa hiyo CD ni Aprili 1978. Alfabeti hiyo ilipokwisha ilianza upya, na A ikawa tena 2002. Lazima basi uutazame pia umbo la kipuri. Kwa Campagnolo, kampuni ya vipuri ya Italia, tafuta tarakimu mbili za mwaka kwenye nati za kufungia za habu.

Tarehe hizo zisomwe pamoja. Habu iliyotangulia fremu kwa miezi michache haina tatizo, kwa kuwa ilitengenezwa, ikakaa stoo, ndipo ikafungwa. Habu iliyo changa kuliko fremu kwa miaka miwili imetoka kwingine, hata kama jina lililoandikwa juu yake ndilo lile ulilolitarajia. Magurudumu ndiyo hubadilishwa mara nyingi zaidi, na mara nyingi hubadilishwa zima zima, rimu na habu pamoja. Kwa baiskeli za Uingereza za katikati ya karne ya 20, hesabu matundu ya spoki: desturi ilikuwa 32 mbele na 40 nyuma. Ukikuta 36 kwa 36, uliza maswali.

Rangi nayo husema mengi. Fungua kila kifungio kilichozunguka fremu, uone kilichofichwa chini yake. Kifungio kilichokaa hapo tangu mwanzo huacha mkanda wa rangi angavu wenye upana wake kamili; ukikuta mkanda mpana kuliko kifungio, au mikanda miwili iliyopishana, kuna kitu kiliondolewa. Linganisha pia uchakavu: pedali zinazong'aa kwenye krenki (mikono inayobeba pedali) zilizolika hazikuzeeka pamoja nazo. Metali iliyopakwa nikeli ina umanjano kidogo, ilhali kromu huelekea ubuluu, na mchanganyiko wa hizo mbili kwenye baiskeli moja unastahili kuchunguzwa.

Hesi, yaani mifereji ya skrubu, hazidanganyi kirahisi, mradi uwe na geji ya kuzipimia. Bakuli za gololi za ekseli ya pedali kwa kawaida ya Uingereza zina mizunguko 24 ya hesi kwa kila inchi, lakini Raleigh, kiwanda cha Uingereza, walitumia 26 kwenye fremu zao nyingi, na za Kifaransa za zamani zina kipenyo cha milimita 35 na hatua (umbali kati ya mzunguko mmoja wa hesi na unaofuata) ya milimita 1. Bakuli iliyoingia kwa nguvu na kukata hesi upya si ya fremu hiyo. Stika na nembo za kubandika sizipi uzito wowote, kwa kuwa nakala zake hutengenezwa hadi leo.

Kipuri kisicho cha kiwandani si lazima kiondolewe. Kiti kilichobadilishwa wakati baiskeli ingali ikitumika kila siku, kikazeeka nayo, mimi hukiacha, isipokuwa mwenye baiskeli anataka iwe sawasawa na katalogi ya mwaka wake. Ukiamua kukitoa, kifunge kwenye mfuko pamoja na boliti zake, uandike kilitoka wapi na tarehe uliyokitoa, kisha mfuko huo umkabidhi mwenye baiskeli pamoja na picha ulizopiga mwanzoni.