Barua kwa Mwanangu Anayepika Mbege

Kilema, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliipokea Jumapili tulipotoka kanisani, na nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Unaniambia kwamba tangu mwaka jana umekuwa ukipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, hapo nyumbani kwako Kimara, si kwa ajili ya kuuza bali kwa kuipenda tu kazi yenyewe. Kwamba mkamwana wangu amenyamaza, na ukimya wake unakusumbua kuliko maneno. Kwamba umesinzia ofisini mara mbili siku ya Alhamisi mbele ya mkuu wako. Na kwamba unashangaa ilikuwaje mimi, niliyefundisha darasa la wanafunzi zaidi ya hamsini na kulea watoto wanne, nikapika mbege kila baada ya wiki mbili kwa miaka mingi na nyumba isiyumbe. Umeuliza: "Mama, uliwezaje? Na mimi niache?"

Nianze na la kwanza, kwa sababu la pili linalitegemea hilo. Sikuweza, mwanangu. Wewe ulikuwa mdogo, ukilala saa mbili usiku na kuamka ukakuta pipa limefunikwa kwa majani ya mgomba, sufuria zimeoshwa na mama yako amekwisha kuvaa viatu vya kwenda shuleni. Usiku wenyewe hukuuona. Usiku ule ulikuwa wa dada yako.

Bei ya kahawa ilianguka baada ya mwaka 1989, pale makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa viwango vya mauzo yalipovunjika, na wengi wetu huku mlimani tukaacha kuitegemea mibuni tukaigeukia migomba iliyo katikati yake. Mshahara wa mwalimu ulikuwa mdogo, na mbege ndiyo iliyonunua madaftari yenu na sare zenu. Lakini sitaki kujificha nyuma ya madaftari, kwa sababu hata shida ile ilipopungua niliendelea kupika. Niliipenda kazi ile kama unavyoipenda wewe sasa. Nilipenda kuona ndizi mbivu zikianza nyeupe katika maji, kisha zikigeuka taratibu kuwa nyekundu kama udongo wa kihamba chetu, shamba letu la nyumbani, na nilipenda kusikia majirani wakisema kwamba mbege ya mwalimu inajulikana kabla hujaiweka mdomoni. Ni furaha halali, nami sitaki uione kuwa dhambi.

Ila wakati mimi nikiifurahia, dada yako ndiye aliyekuwa akichota maji kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa maji, akitoka shule, ndiye aliyepasua kuni, na ndiye aliyesimama na mwiko juu ya mso, yaani uji wa ulezi, ambao unaujua mwenyewe kwamba ukiuacha dakika mbili bila kuukoroga unashika chini na harufu ya kuungua haitoki tena, huku mimi nikisahihisha madaftari ya watoto wa watu kwa mwanga wa kibatari. Mwaka aliofanya mtihani wa darasa la saba, jirani yetu alikuwa na ugeni wa posa wiki ileile, na mimi nilikuwa nimeahidi mapipa mawili. Usiku wa kuamkia mtihani nilimwambia akalale saa nne. Alilala saa saba. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Sisemi kwamba mbege ndiyo iliyomwangusha, kwa maana nafasi wakati ule zilikuwa chache na watoto wengi wenye akili waliachwa. Nasema tu kwamba najua alikuwa wapi usiku ule, na aliyemweka pale ni mimi. Nilimwomba msamaha alipokuja kujifungua mtoto wake wa pili. Aliniambia kwamba alikuwa akiipenda harufu ya ndizi zikichemka, lakini mpaka leo hapendi kusikia moto wa kuni ukilia usiku.

Ndiyo maana nakuomba usiichukue nyumba yetu ya zamani kuwa kipimo chako. Kaa chini siku moja, uandike kwenye karatasi kila kazi inayofanyika tangu ndizi zinapoingia getini mpaka chombo cha mwisho kinapooshwa, kisha mbele ya kila kazi uandike jina la aliyeifanya mara ya mwisho. Usiandike la aliyepaswa kuifanya. Nadhani jina la mkeo litatokea mara nyingi kuliko unavyotarajia.

Umeandika kwamba "hapendi pombe". Mimi nimekaa naye Krismasi mbili hapa nyumbani, nimemwona akipokea kata kwa mikono miwili, akanywa na kusifu. Sidhani anachukia pombe. Nadhani amechoka na wageni. Fikiri vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha jambo lako: mbege haihifadhiki. Mtu anayetengeneza bia ya kuweka kwenye chupa anaweza kuikalisha wiki au miezi, akaifungua siku nyumba ikiwa na nafasi. Mbege yetu haimsubiri mtu. Ukichanganya mso na maji ya ndizi Ijumaa jioni, Jumamosi mchana ni tamu, jioni imekolea, Jumapili imekuwa kali na Jumatatu inaelekea kuwa siki, na kwa joto la Dar es Salaam hayo yote yanakwenda mbio kuliko huku kwetu kwenye baridi. Maana yake ni kwamba kila pipa unalolipika ni mwaliko uliokwisha kutolewa. Lita mia moja haziwezi kunywewa na mke na mume. Zinataka watu thelathini, na watu thelathini wanataka viti, nyama, ndizi za kupikwa, maji ya kunawa na mtu wa kuwaaga mpaka getini saa nne usiku. Wewe unaona umepika pombe mara moja kwa wiki mbili. Yeye anaona ameandaa sherehe mara moja kwa wiki mbili, bila kuulizwa hata moja.

Kwa hiyo kuhusu swali lako la pili, nasema usiache, ila punguza kipimo kwanza, kabla hujapunguza kitu kingine chochote. Acha pipa. Chukua ndoo moja ya lita ishirini, yenye mfuniko, iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Kwa kiasi hicho mkungu mmoja mkubwa na kilo mbili hivi za ulezi vinatosha, na familia yako pamoja na jirani watatu au wanne wanaimaliza bila mtu kulazimika kunywa zaidi ya kiu yake ili isiharibike, jambo ambalo limewaponza wapishi wengi wazuri. Hilo pipa la chuma ulilolinunua kwa bei rahisi, ambalo hujui lilibeba nini kabla yako, usilitumie tena hata kwa kuloweka ulezi. Wala usiweke mbege kwenye ndoo ya bati, kwa sababu uchachu wake unakula ule mpako wa zinki na kuuingiza kwenye kinywaji.

Kisha uipange kazi kwa kuhesabu kinyumenyume kutoka siku ya kunywa, na siku hiyo mchague wawili, mkiwa na kalenda ya shule ya watoto mezani. Tuseme mmekubaliana Jumapili moja kwa mwezi, baada ya misa. Basi unachanganya Jumamosi jioni, mso unapikwa Jumamosi hiyohiyo mapema ili upoe vizuri, na ndizi zinachemshwa Jumatano ili nyalu, yaani hizo ndizi zilizochemshwa na maji yake, ipate siku tatu za kuumuka, ambazo kwa joto la huko zinatosha. Ndizi zenyewe unazifuata sokoni Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, wiki moja kabla, zikiwa bado hazijaiva. Kosa lako la sasa, kama nimeielewa barua yako, ni kwamba unawasha moto Jumatano baada ya watoto kulala, na kwa sufuria kubwa kama lile hulali kabla ya saa nane. Mkungu mmoja, ukianza mara tu unapofika kutoka kazini, utakuwa umeiva na kuepuliwa kabla ya saa nne, na Alhamisi utakuwa mtu wa kazi. Mwajiri wako hana habari na mbege, wala hapaswi kuwa nayo. Na wiki ambayo mnafunga hesabu za mwezi usipike kabisa, hata kama ndizi zimeiva. Wape watu ndizi wale.

Kazi moja tu haina haraka, nayo ndiyo nzuri kuliko zote: kimea, yaani ulezi uliochipuzwa. Hiyo fanya na watoto. Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje, utandaze kwenye gunia safi lenye unyevu, ufunike, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule wajukuu wangu wanyunyizie maji kidogo kwa mkono. Siku ya pili wakifunua wataona kila punje ndogo nyekundu imetoa ncha nyeupe, na siku ya tatu vimizizi vimeshikana kama uzi uliotatizana, kiasi kwamba ukinyanyua pembe moja mkeka mzima unanyanyuka. Hapo mnaanika juani haraka kabla majani hayajarefuka, mnapukuchua, mnasaga. Kikikauka vizuri kinakaa hata miezi, kwa hiyo mnaweza kukifanya wakati wa likizo na kukiweka. Wafundishe wanuse: kimea kizuri kinanukia utamu wa nafaka mbichi, na kikinuka ukungu kitupwe chote, kwa sababu sumu ya ukungu wa nafaka haiondoki kwa kuchemsha. Kwa kimea hichohicho wapikie togwa, waipate ikiwa bado tamu kabla haijachachuka. Mbege yenyewe wasionje. Najua sisi wazee tulikuwa tukiwapa watoto kikombe kidogo siku za sherehe, nami nilifanya hivyo. Ilikuwa vibaya, na sikutetei ukiendelea nayo.

Umegusia kwamba wenzako wa ofisini wanataka kununua. Hapo nakukataza kabisa, nikiwa mama yako. Si kwa sababu ya sheria peke yake, ingawa Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inataka anayeuza pombe awe na leseni. Ukishapokea shilingi ya kwanza, siku ya kupika haitakuwa yako tena wala ya mkeo. Itakuwa ya mteja, na mteja hajali kwamba mtoto ana homa. Mimi niliuza kwa sababu nilihitaji, na unajua sasa nilicholipa. Wewe una mshahara. Kinachobaki wape majirani.

Na kuhusu kunywa kwenyewe, nitamke hata kama wewe ni mtu mzima: mpishi wa mbege huonja sana, anaonja nyalu, anaonja baada ya kuchanganya, anaonja kabla wageni hawajafika ili kuwaonyesha kwamba ni salama, na mwisho wa siku hajui amekunywa kiasi gani. Marehemu baba yako alikuwa na kata yake moja, akiimaliza anaigeuza kifudifudi juu ya meza, na hakuna aliyeijaza tena hata angekuwa shemeji. Kata ile ninayo bado. Nitakupa.

Msesewe uliouomba, lile gome la mti la kutia uchungu kwenye mbege, nimeupata. Kijana wa jirani amelibandua gome upande mmoja tu wa mti ili usife, nami nimelikausha siku tano na kulifunga kwenye gazeti. Tumia kidogo sana, kipande cha urefu wa kidole kwa ndoo yako moja, ukichemshe pembeni na kuongeza yale maji kwenye mso kidogo kidogo huku ukionja, maana uchungu ukishazidi hauna dawa. Na kama miongoni mwa wageni wako yuko anayemeza dawa za presha, asinywe hiyo yenye msesewe, kwa sababu miti ya jamii hiyo ina kemikali zinazoshusha shinikizo la damu.

Nimeuweka ndani ya mfuko wa kitenge pamoja na barua hii, na utaondoka na basi la kesho alfajiri. Kaupokee stendi jioni. Kitenge chenyewe ni cha mkamwana wangu, usikifungulie msesewe jikoni ukakichafua. Mwambie kwamba Desemba mkija Krismasi nitapika mimi na wewe, ndoo moja, na yeye na dada yako watakaa kibarazani wameketi, na tutawapelekea kata mahali walipo.

Mama yako anayekupenda.