Jibu: Usimtumie hiyo asaimenti. Kama umeshatuma, ifute WhatsApp kabla hajaifungua

Dogo, umeuliza kama umtumie mwenzako asaimenti yako ya programu ya benki, eti "anataka kuangalia muundo tu". Maneno hayohayo ndiyo yaliyonifikisha kamati ya nidhamu.

Mwaka wa pili tulipewa asaimenti ya Java (lugha ya kuandikia programu), programu ya akaunti ya benki. Niliiandika mwenyewe, nikakesha nayo. Rumeti akaomba, nikamwekea kwenye fleshi. Yeye akampa mchumba wake, mchumba akampa shoga yake. Mimi nimelala fofofo. Sasa programu yangu ilikuwa na kosa: ukitoa shilingi hasi elfu tano, salio linapanda. Benki ya ndoto za kila mtu! Kosa hilohilo likaonekana kwenye kazi za watu wanne, pamoja na ujumbe wa "Salio halitosh" niliosahau kuumalizia herufi.

Kuna kaka wa mwaka wa nne, profesa wa kijiweni, alituhakikishia kwamba ukibadilisha majina ya vigeu (yanayobeba thamani ndani ya programu) na kuongeza komenti (maelezo ambayo kompyuta inayaruka), mashine ya kukagua kudesa haioni kitu. Popote alipo, Mungu anamwona. MOSS, ile programu ya kutafuta kazi za programu zinazofanana iliyopo Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, inakamata watu tangu 1994. Nafasi tupu kati ya maneno na komenti inazitupa, majina haiyajali, inabaki na mifupa ya msimbo (maandishi ya programu), inaikata vipande na kulinganisha kazi ya kila mtu na ya kila mwenzake. Ukigeuza "jumla" kuwa "mzigo" umechosha vidole bure.

Halafu MOSS inaonyesha kazi zinazofanana, haisemi nani aliandika na nani alidesa. Hilo anaachiwa mhadhiri. Tuliitwa wote wanne, kila mmoja anaapa ni yake. Mimi mwenye mali nina faili moja la mwisho: sina rasimu, sina Git (inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo), sina hata karatasi. Rumeti alipokuja kukiri, nikaambiwa kanuni za chuo zinamhesabu mtoaji sawa na mpokeaji. Sifuri kwa wote. Mwaka uliofuata nikalibeba somo pamoja na madogo walioniita mzee.

Kumsaidia msaidie, ila faili lisitoke kwako. Akija leo usiku funika laptop, mchoree kwenye karatasi kwamba kabla ya kutoa hela programu ihakikishe kiasi kinazidi sifuri (hapo mimi ni bingwa), aandike mwenyewe kwenye mashine yake. Akinuna, anune. Akiulizia fleshi, mwambie ina virusi.