Kupikia waini, siki ya waini, na kusaidia baa

SWALI: Asalaam alaykum shekhe. Mimi nafanya kazi jikoni hoteli ya kitalii huku Nungwi, kuna nyama tunaipika na waini nyekundu, shefu anasema ikichemka kilevi chote kinaruka na mvuke, je nikionja chumvi nina makosa? Na siki ya waini ya kwenye saladi? Alafu baa wakizidiwa naitwa nikasaidie kuchanganya kokteli, mimi mwenyewe sinywi.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Dada yangu, hilo la mvuke limewadanganya wengi. Wizara ya kilimo ya Marekani ina jedwali lake, chakula kikichemka na pombe robo saa kinabaki na asilimia 40 ya kilevi kilichotiwa, saa nzima 25, na hata saa mbili na nusu bado 5 imo, na ile ya kuwasha moto juu ya kikaango wageni wakapiga picha ndo kabisa, robo tatu inabaki palepale. Lakini hata ingeruka yote, kwetu Mashafi, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, waini ni najisi na moto hautoharishi najisi, kwahiyo ule mchuzi umeshanajisika toka ilipomiminwa. Usionje, na sufuria ioshwe vizuri kabla hamjapikia chakula chenu wafanyakazi.

Siki ni habari nyingine. Mtume (s.a.w.) kaisifu siki kuwa ni kitoweo kizuri, iko kwenye hadithi za Imamu Muslim kutoka kwa sahaba Jabir. Waini ikigeuka siki yenyewe bila kutiwa kitu imetoharika, mpaka chombo chake kinatoharika nayo. Mvutano uko pale mtu anapoigeuza kwa makusudi, akatia kitunguu, mkate au hamira. Sahaba Abu Talha alikuwa na mayatima waliorithi pombe, akamuuliza Mtume, akaambiwa imwage, akasema je nisiifanye siki? Akaambiwa hapana. Mashafi wakasema kungekuwa na njia basi mayatima ndo wangepewa, maana mali yao inalindwa kuliko ya mtu yeyote. Katika madhehebu mengine, Mahanafi wameruhusu, na Wamaliki kwa kauli yao mashuhuri ikishageuka inaliwa.

Sasa za kiwandani, bakteria ndo wanaogeuza kilevi kuwa siki kwa kupata hewa, na mara nyingi hutiwa siki ya zamani kuianzishia, kwahiyo kwa madhehebu yetu ina maneno. Mimi simkazii aliyekula saladi kwa kauli ya Mahanafi, ila nyumbani kwako una ndimu, una siki ya nazi, ya nini kujitia mashakani? Na soma lebo, kuna sosi zina siki na waini humohumo, hizo hapana.

Baa usiende. Mtume kawalaani watu kumi kwa ajili ya pombe, na humo yumo anayeikamua, anayeibeba na anayemmiminia mwenzie, kwahiyo "mimi sinywi" haikutoi. Na usiambiwe ni kifuniko kimoja tu kwenye juisi ya nanasi, kinacholevya kingi chake basi kichache chake ni haramu. Hata kuimimina kwenye hiyo nyama ni mlemle. Ongea na shefu akuhamishie kwenye samaki au mikate, na umwambie sasa hivi kabla ya msimu wa Julai, ratiba zikishabandikwa ukutani itakuwa kazi kuzibadilisha. Wallahu a'lam.