Ndege ilikuwa inatua, ghafla ikapaa tena: tulikoswakoswa?

SWALI: Habari za kazi ndugu mjibu maswali. Majuzi nilisafiri usiku, nimekaa dirishani, ndege ishashuka kabisa mpaka naona taa za pembeni ya ranwei, mara injini zikanguruma nikabanwa kwenye kiti tukaanza kupanda tena. Kimya dakika kama tano hivi, ndo rubani akatangaza kwamba kuna ndege nyingine ilikuwa haijatoka njiani. Tulitua salama ila tangu siku ile silali vizuri. Rubani alikosea? Na inakuwaje ndege mbili ziwekwe njia moja wakati kuna rada na kompyuta zote hizi?
Abiria wa dirishani

JIBU: Pole sana ndugu yangu, naelewa kabisa, kile kishindo cha injini ukiwa unategemea kugusa ardhi kinashtua mtu yeyote. Nianze na linalokunyima usingizi: rubani wenu hakukosea. Kupaa tena ni kitu wanachokifanyia mazoezi mara kwa mara, na akiona njia haiko wazi hasubiri ruhusa ya mtu, anasukuma injini anapanda, maelezo baadaye. Ndo maana mlikaa kimya zile dakika tano, kazi ya kwanza ni kuirusha ndege, ya pili ni kujua inaelekea wapi, halafu ndo kuongea na mnara wa kuongozea ndege, nyie abiria mnakuja mwisho na wala si dharau.

Na mara nyingi sana hapo hakuna hata kukoswakoswa, ni ndege ya mbele imechelewa tu kutoka. Kukoswakoswa kwenyewe ni kama San Francisco, Marekani, Julai 2017. Karibu saa sita usiku, ranwei mbili ziko sambamba, ya kushoto imefungwa na taa zake zimezimwa, basi marubani wa shirika la Air Canada waliotakiwa kutua ya kulia walipoona ile inayowaka wakadhani ndo ya kushoto, kwa hiyo ya kulia yake wakaichukulia kuwa ndo yao. Kumbe ile ni njia ya pembeni ya ndege kutembelea zikiwa chini, na juu yake zimepanga foleni ndege nne, zimejaa abiria na mafuta, zinasubiri kuruka. Rubani mmoja aliyekuwa kwenye foleni akauliza redioni huyu anaenda wapi, mwingine akawasha taa zake kubwa, na ile ndege ya Air Canada ikapanda ikiwa imeshafika kama mita 18 tu kutoka chini. Hakuna hata mtu mmoja aliyekwaruzika. Mimi kila nikifikiria zile mita 18 mwili unasisimka.

Sasa rada. Ndugu yangu, ajali nyingi za ranwei zinaanzia kwenye sikio, mtu kasikia alichokuwa anakitarajia na siyo alichoambiwa. Tenerife, kisiwa cha Uhispania, tarehe 27 Machi 1977, ukungu mzito, uwanja hauna rada ya kuangalia ndege zilizo chini, Boeing 747 mbili, moja ya shirika la KLM na nyingine ya Pan Am, ziko kwenye ranwei moja na hazionani. Mnara ukamwambia rubani wa KLM asubiri, wakati huohuo Pan Am nao wanasema redioni kwamba bado wapo njiani, sauti mbili zikagongana, kilichosikika kule KLM ni mlio tu. Fundi wa ndege aliyekaa nyuma ya nahodha akauliza kwani yule wa Pan Am hajatoka? Akajibiwa ametoka. KLM ikaendelea kukimbia iruke, ikaigonga Pan Am, wakafa watu 583. Tangu pale neno la kuruka halitamkwi na mnara mpaka ruhusa yenyewe inatolewa, na rubani lazima arudie maagizo kwa mdomo wake ili muongoza ndege asikie kama yameeleweka. Kwangu mimi huko kurudia maneno kunaokoa watu kuliko mitambo mingi.

SWALI: Mbona ndege zina mtambo wa kuonyana zikikaribiana? Kwani haufanyi kazi uwanjani?

JIBU: Ule ni wa angani. Ndege ikishuka chini ya kama futi 1,000 hivi mtambo unaacha kutoa amri ya panda au shuka, maana ukikaribia ardhi shuka utashuka wapi. Pale chini kinga ni nyingine, mistari ya njano ambayo ndege haivuki bila ruhusa, taa nyekundu zilizopachikwa sakafuni, na viwanja vyenye uwezo vina rada ya ardhini inayopiga kengele mnarani. Siyo viwanja vyote vinavyo, na hili mimi linaniuma.

SWALI: Abiria nifanye nini basi?

JIBU: Mkanda ubaki umefungwa mpaka ndege isimame kabisa. Na ikitokea mnaambiwa tokeni, acha begi. Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024, Airbus A350 ya Japan Airlines ilitua ikagonga ndege ndogo ya walinzi wa pwani iliyokuwa kwenye ranwei. Kwenye ile ndogo kati ya watu 6 walikufa 5, inasikitisha sana. Ila kwenye ile kubwa wote 379 walishuka kwa slaidi za dharura, mabegi yakabaki ndani, na ndege ikateketea yote. Kwa hiyo simu na pasi yako weka mfukoni kabla ya kutua, usije ukashawishika kufungua kabati la juu.