Faili limenakiliwa, mauzo hayamo

Mwenye duka la vipuri niliyemtengenezea programu ya mauzo alinipigia simu asubuhi: "Fundi, kompyuta imekufa. Nakuletea flashi." Sikuhangaika. Kila siku saa mbili usiku programu ilikuwa ikinakili duka.db, faili la hifadhidata ya mauzo, kwenye flashi hiyo kwa cp, amri ya kunakili faili kama lilivyo. Nikaichomeka. Faili lipo, tarehe ni ya jana, ukubwa baiti 4096. Nikaandika .tables, amri ya kuorodhesha majedwali. Hata jedwali moja halikutokea.

Kosa lilikuwa langu. Hifadhidata ni ya SQLite, aina inayokaa kwenye faili la kawaida, nami niliiweka katika hali ya WAL (write-ahead log, daftari la kuandikia kwanza). Katika hali hiyo kila kinachoandikwa huingia kwanza kwenye faili la pembeni, duka.db-wal. Huhamia faili kuu pale kurasa (vipande vya data) zinapofika kama 1000, au programu inapofungwa vizuri. Duka lilikuwa na siku mbili tu tangu lianze kuitumia, na programu haikufungwa hata mara moja. Mauzo yote yalikuwa pembeni, mimi nanakili ganda. Nikajaribu PRAGMA integrity_check, amri ya kukagua uzima wa hifadhidata, ikajibu ok. Hifadhidata tupu nayo ni nzima, ndiyo maana jibu hilo lisikutulize.

Kuna na hili: ukikosea herufi moja kwenye njia ya faili, SQLite inaweza kukuundia jipya la baiti 0 bila kulalamika. cp italibeba hivyo hivyo na kulilaza juu ya nakala nzuri ya jana. Zamani kwenye MS-DOS, mfumo wa kompyuta kabla ya Windows, amri ya COPY iliruka mafaili ya baiti 0, ukayataka utumie XCOPY. Kwa cp usitegemee kizuizi hicho.

Programu ikiwa inafanya kazi, acha cp. Tumia amri za SQLite zenyewe za kunakili: .backup, au VACUUM INTO iliyokuja na toleo 3.27 mwaka 2019. Zote mbili husoma na yaliyomo kwenye WAL. Mimi napenda ya pili, kwa sababu ikikuta faili lenye kitu inakataa kuandika juu yake. Jina la nakala liwe na tarehe. Halafu ifungue nakala yenyewe, uhesabu safu mlalo za jedwali la mauzo, ulinganishe na za dukani.

Yale mauzo ya siku mbili tuliyaingiza upya kwa mkono kutoka kitabu cha risiti, yeye akisoma, mimi nikichapa, mpaka adhana ya alasiri.