Kuhusu migahawa ya kulipia kwenye meli ya Royal Caribbean

Dada, umeuliza ulipie mgahawa upi kwenye safari yenu ya siku 7 Karibea, mkiwa na watoto wawili. Mimi ningelipia mmoja tu, Chops Grille, mgahawa wa steki, na ningeenda mchana. Meli nyingi huufungua mchana siku ambazo hazitii nanga, na bei huwa chini sana kuliko ya usiku, ilhali jiko ni lilelile na steki inakuja imeiva vile ulivyoagiza. Hapo ndipo utaona tofauti, maana ukumbi mkuu wa chakula, ambao hulipii zaidi ya nauli, unapikia mamia kwa mpigo na steki ndiyo inayoumia zaidi.

Giovanni's ni chakula cha Kiitaliano, kizuri, lakini tambi mtazipata bure ukumbi mkuu. Sitailipia.

Watoto wakipenda vituko, wapelekeni Izumi, mgahawa wa Kijapani, upande wa hibachi: mpishi anakaanga mbele yenu kwenye bamba la moto, mayai yanarushwa hewani, wanacheka. Sushi za hapohapo mara nyingi hulipiwa moja moja, kwa hiyo bili inapanda bila kujua.

Tafadhali weka nafasi kwenye tovuti yao kabla ya kusafiri, bei huwa nafuu kuliko ukifika melini. Na ukipiga hesabu, ongeza asilimia 18 ya huduma. Na usiku ambao ukumbi mkuu unatoa kambakoche, msiende mgahawa wowote wa kulipia, kuleni hapo!